Nyumba ya urithi Mji wa Kale, Lamu: ilitangazwa milioni 24, ikauzwa milioni 14.6

Majina, mtaa na alama zote za kuitambulisha familia zimeondolewa, na kiasi cha fedha kimezungushwa kidogo. Mfuatano wa mambo na sababu za kila uamuzi vimeachwa vilivyo.

Hali ilivyokuwa

Nyumba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Ina chini na ghorofa moja, na juu kabisa kuna baraza la makuti. Iko mitaa kadhaa nyuma ya Usita wa Mui, mahali ambapo mzigo wowote hufika kwa punda au kichwani. Mpango wake ni ule wa kizamani: daka (kibaraza cha mlangoni), tekani (ukumbi mdogo wa kuingilia), kiwanda (ua wa ndani), msana wa tini na msana wa yuu (kumbi mbili ndefu zinazofuatana), kisha ndani, chumba cha mwisho, yenye zidaka (vishubaka vya ukutani) za plasta ya nakshi. Mlango wa mbele ni wa kuchongwa, na kwa maelezo ya wazee una zaidi ya miaka mia moja.

Mwenye nyumba alifariki miaka saba kabla ya mauzo. Aliacha mjane, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Mjane na binti mmoja walibaki ndani ya nyumba, wengine wakawa Mombasa na ng'ambo. Mirathi haikufunguliwa kwa kuwa hakukuwa na ugomvi, na kila mmoja alijua fungu lake kwa hesabu ya faraidhi, mgao wa mirathi wa Kiislamu: mjane thumni (moja ya nane), na katika saba zilizobaki kila mwana wa kiume anapata mbili na kila binti moja. Hesabu inakaa sawa katika sehemu nane. Lakini hesabu kujulikana nyumbani si sawa na kuandikwa katika ofisi ya ardhi, ambako mwenye mali bado alikuwa marehemu.

Jaribio la kwanza

Familia ilikubaliana kuuza, na bei ikatokana na habari ya nyumba ya mtaa wa pili iliyonunuliwa na mgeni kwa shilingi milioni 24. Madalali watano walipewa kazi kwa mdomo. Baada ya mwezi nyumba hiyo moja ilikuwa na bei tatu mjini, 22, 24 na 26, kulingana na dalali unayemwuliza.

Kabla ya kutangaza, shilingi 140,000 zilitumika kupaka rangi ya plastiki kuta zote za chini na msana wa tini. Ilipakwa mwezi wa pili, kaskazi ikivuma na kila kitu kikiwa kikavu. Masika ilipoingia rangi ilifura malengelenge, ikabanduka vipande vipande, na nyuma yake chumvi nyeupe ikatokeza hadi usawa wa kiuno. Wateja wawili wenye nia waliiona nyumba katika hali hiyo. Mmoja hakurudi. Wa pili aliomba nakala ya hati, akaletewa hati yenye jina la marehemu, akasema atasubiri mirathi ikamilike, naye hakurudi.

Alikuja pia mnunuzi wa vitu vya kale, akatoa shilingi 350,000 kwa mlango wa mbele peke yake. Mwishoni mwa mwaka familia ilikuwa na ahadi moja tu mkononi: milioni 9 taslimu, nyumba ichukuliwe ilivyo.

Uamuzi wa kusimama kwanza

Wakili aliyeombwa ushauri juu ya zile milioni 9 alisema wasikubali wala wasikatae kabla ya kujibu maswali matatu: nani ana haki ya kutia sahihi, ni kipi hasa kinachouzwa, na maji yanaingilia wapi. Nyumba ikatolewa sokoni kwa miezi minane. Mwana mkubwa alikubali kugharamia matayarisho, kwa maandishi yaliyotiwa sahihi na warithi wote kwamba atarudishiwa fedha zake kabla ya mgao. Karatasi hiyo ya ukurasa mmoja ilizuia ugomvi ambao huwa hauna mwisho.

Suala la mlango lilimalizwa siku hiyo hiyo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu mlango au fremu iliyochongwa kabla ya mwaka 1946 kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kuwa kitu kinacholindwa. Huung'oi ukauza bila kibali. Na hata kama sheria ingeruhusu, nyumba ya Lamu iliyong'olewa mlango inaonekana kama imeporwa, na mnunuzi wa maana hupunguza zaidi ya hizo 350,000 mara tu anapofika dakani.

Karatasi

Shauri la mirathi lilifunguliwa Mahakama ya Kadhi. Nyaraka zilizohitajika ni cheti cha kifo, vitambulisho vya warithi wote, barua ya chifu ya kuwatambulisha, cheti cha ndoa cha mjane na hati ya nyumba. Binti aliye ng'ambo alichelewesha jambo kwa wiki kadhaa, kwa sababu sahihi yake ilipaswa kushuhudiwa na kuthibitishwa huko aliko. Yeyote mwenye mrithi nje aanze na huyo. Amri ilipotoka, umiliki ulihamishwa kwa warithi, na upekuzi mpya wa rekodi za ardhi ukaonyesha majina yao. Deni la ada za kaunti, shilingi 96,000 za miaka mingi, lilijulikana hapo. Bila cheti cha kutodaiwa ada hizo uhamisho haupiti, kwa hiyo ni bora deni lijulikane mapema kuliko lizuke mnunuzi ameshalipa amana.

Jambo gumu zaidi halikuwa katika hati. Mpima alipochora nyumba chumba kwa chumba, chini na juu, ilibainika kuwa chumba kimoja cha ghorofani kimekaa juu ya stoo ya jirani. Katika Mji wa Kale hili ni la kawaida. Nyumba ziligawanywa baina ya ndugu kwa vizazi, chumba kikapewa huyu na ukuta ukabaki wa yule, na wikio (vyumba vya juu vinavyounganisha nyumba mbili) zikavuka juu ya njia. Ramani ya hati inaonyesha mipaka ya ardhini tu. Mnunuzi akilinganisha vipimo anakuta chumba ambacho kwa karatasi hakipo, na wakili wake atamwambia asilipie kitu hicho.

Jirani hakuwa na ubishi juu ya chumba. Alichokuwa nacho ni lalamiko la miaka: maji ya paa la makuti yalimwagika juu ya ukuta wake. Makubaliano yakaandikwa na wakili, mchoro ukaambatanishwa. Jirani anakiri chumba cha juu ni cha nyumba inayouzwa na kina haki ya kuegemea kuta zake, na wauzaji wanarekebisha njia ya maji kwa gharama zao. Pande zote mbili zilitia sahihi mbele ya mashahidi.

Kazi ya fundi: nini kilifanywa, nini kiliachwa

Makadirio ya kuikarabati nyumba yote yalifika milioni 4.8. Familia haikuwa nazo, na hata ingekuwa nazo ingekosea kuzitumia. Mnunuzi wa nyumba ya mawe ana mawazo yake juu ya vyoo, jiko na umeme. Ukimfanyia kwa ladha yako, atalipa nusu ya gharama kisha abomoe. Kwa hiyo kipimo kikawa kimoja: fedha ziende kwenye kitu kinachomtia mnunuzi hofu asiyoweza kuipima mwenyewe. Choo kibovu anakipima kwa macho, lakini dari iliyooza na ukuta unaolia maji hawezi kuvipima, na asichoweza kupima hukikata katika bei mara mbili au tatu.

Unyevu ulichunguzwa kwanza, kwa sababu ndio uliokula zile 140,000. Ukuta wa matumbawe una unene wa nusu mita au zaidi, na hunywa maji kutoka chini. Ukiwa umepakwa chokaa, maji hayo hupumua nje taratibu na ukuta hukauka wenyewe. Miaka ya nyuma fundi mmoja aliuvika plasta ya simenti. Simenti iliyaziba maji ndani, yakapanda juu zaidi yakibeba chumvi, na kila yalipopata mwanya chumvi ikaganda nyuma ya rangi na kuisukuma. Rangi ya plastiki iliongeza kizuizi cha pili. Lakini kupanda kwa unyevu peke yake hakukueleza kwa nini ukuta wa upande mmoja ulikuwa mbaya kuliko mingine. Bomba la choo cha juu lilikuwa likivuja ndani ya ukuta huo, na maji ya paa yalikuwa yakiangukia mguu wake kwa nje. Hivyo viwili vilirekebishwa kwanza, kisha ukuta ukaachwa wazi wiki sita bila kuguswa.

Ndipo simenti ikagongwa hadi mita 1.5 kutoka sakafuni, viungo vya mawe vikapigwa brashi hadi chumvi ikaisha, na plasta mpya ikapigwa: chokaa iliyolowekwa, sehemu moja kwa tatu za mchanga uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni ulikataliwa kwa sababu unarudisha chumvi ile ile iliyotolewa. Hapa kosa moja lilifanyika. Fundi aliyekuwa na haraka alipiga ukuta mmoja unene wa milimita 30 kwa mkupuo, upepo ukaukausha kwa nje kabla ya ndani, ukapasuka kama matope ya bwawa. Ulirudiwa kwa shilingi 28,000, safari hii tabaka za milimita 10, kila moja ikiachwa siku kadhaa na kunyunyiziwa maji asubuhi na jioni, na magunia yaliyoloweshwa yakitundikwa kuzuia upepo. Chokaa haina njia ya mkato.

Dari ilifuata. Boriti za mikoko huozea kichwani, pale zinapoingia ukutani, si katikati. Kila boriti ilidungwa kwa bisibisi kiasi cha sentimita 10 kutoka ukutani: iliyo nzima inakataa, iliyooza inapokea. Katika msana wa yuu boriti 11 kati ya 26 zilipokea. Zilibadilishwa mbilimbili, dari ikishikiliwa na nguzo na ubao kwa chini muda wote. Boriti mpya zilibanduliwa gome, maana wadudu huanzia humo, na vichwa vikakalishwa kwa chokaa badala ya simenti. Zilinunuliwa kwa muuzaji mwenye leseni, na risiti ikahifadhiwa, kwa kuwa ukataji wa mikoko husimamiwa na Huduma ya Misitu Kenya na mnunuzi makini huuliza. Kwa vile Mji wa Kale umehifadhiwa kisheria tangu miaka ya 1980 na umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, kazi ilipelekwa kwanza ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho. Ridhaa yake ya maandishi iliingia kwenye faili la mauzo.

Zidaka hazikupakwa chochote. Tabaka za rangi zilizojaza nakshi zilikwanguliwa kwa vijiti vya mianzi, polepole, na mistari ya plasta ikarudi kuonekana. Kazi hiyo ilikuwa ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo iliyowafanya watu wasimame ndani wakae kimya.

Vyoo, umeme na makuti viliachwa. Badala yake yalichukuliwa makadirio ya maandishi kutoka kwa mafundi wawili tofauti, ili yeyote atakayepunguza bei kwa ajili hiyo apunguze kwa tarakimu, si kwa kukisia.

Gharama za matayarisho kwa shilingi: boriti 190,000, kugonga simenti na kupiga chokaa 165,000, pamoja na marudio 28,000, bomba na njia ya maji ya paa 85,000, kuondoa takataka kwa punda na mashua 38,000, kupaka chokaa nyeupe 60,000, mpima 75,000, mthamini 65,000, mirathi na uhamisho 110,000. Jumla 816,000.

Bei ilivyopatikana

Mthamini aliyesajiliwa alianza na ile nyumba ya milioni 24, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kichwani mwa kila mrithi. Aliichambua badala ya kuipuuza. Iliuzwa pamoja na samani zote na mashua, vilivyokadiriwa milioni 2. Baraza lake la juu linaona bahari na iko hatua chache kutoka ufukweni: milioni 3. Ni kubwa zaidi: milioni 1.5. Ikabaki 17.5 kwa nyumba kama hii ikiwa imekarabatiwa yote. Vyoo, umeme na makuti yaliyobaki vilikadiriwa milioni 2.5. Ikawa milioni 15.

Kisha akaja kutoka upande wa pili, kwa nyumba iliyouzwa milioni 11 ikiwa na karatasi safi lakini ndogo zaidi na haijaguswa. Baada ya kuongeza tofauti ya ukubwa na kazi iliyokwisha kufanyika alipata 14.2. Thamani aliyoandika ni milioni 14.5. Njia hii ya kuingilia pande mbili ni nzuri mahali penye mauzo machache kama Lamu. Nyumba moja ya jirani haitoshi kuwa kipimo, na majibu mawili yakikaribiana ndipo pa kusimama.

Kulikuwa na mjadala mkali. Mwana mdogo alitaka itangazwe 19 ili kuwe na nafasi ya kushuka. Kilichomgeuza ni orodha ya wateja wa mwaka uliopita: waliokuwa na uwezo wa milioni 15 hawakufika kabisa kwa sababu walisikia 24, na waliofika na uwezo wa 24 walitaka nyumba iliyokamilika. Bei ikatangazwa milioni 15.6, kwa wakala mmoja aliyesajiliwa, kwa mkataba wa maandishi wa asilimia 3. Iliwekwa sokoni mwezi wa kumi na moja, kazi ya chokaa ikiwa imekauka na wageni na wenyeji wa Lamu walio mbali wakianza kurudi kwa msimu wa kaskazi.

Matokeo

Wateja wanne waliiona ndani ya wiki saba. Mmoja alikuwa raia wa nje. Alielezwa mapema kwamba chini ya kifungu cha 65 cha Katiba asiye raia hupata umiliki wa kukodi usiozidi miaka 99, akaomba muda wa kufikiri. Familia ya Kimombasa yenye asili ya Lamu ilitoa milioni 12.5 ikaja na fundi wake. Fundi huyo alidunga boriti, akagusa kuta, akakuta hana jipya la kusema zaidi ya vyoo na umeme, na makadirio ya hivyo tayari yalikuwa mezani. Walifikia milioni 14.6.

Mkataba uliandikwa, ukatiwa sahihi na warithi wote na kushuhudiwa, maana sheria ya mikataba ya Kenya haitambui mauzo ya ardhi kwa mdomo. Amana ya asilimia 10 iliwekwa kwa wakili, siku 90 za kukamilisha. Ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, ulikuwa juu ya mnunuzi. Kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023, ilikuwa juu ya wauzaji. Mhasibu alitumia risiti za ukarabati na ada za wakili na wakala kuipunguza, ikawa 630,000. Zilitolewa pia wakala 438,000, wakili wa mauzo 220,000, deni la kaunti 96,000 na zile 816,000 za mwana mkubwa. Zikabaki 12,400,000. Kila thumni ikawa 1,550,000.

Kilichofaa na kilichoharibika

Tofauti kati ya milioni 9 na 14.6 haikutokana na fundi peke yake, na ni makosa kuichukulia hivyo. Kwa uzito, tunaweka mirathi na makubaliano ya jirani mbele ya kila kazi ya mikono: mtoaji wa milioni 9 alikuwa akinunua nyumba pamoja na hatari ya miaka mitatu mahakamani, na bei yake kwa hali hiyo haikuwa ya dhuluma. Plasta na boriti zilikuja nyuma, nazo zilifanya kazi kwa kufunga mdomo wa fundi wa mnunuzi. Chokaa nyeupe ya 60,000 ilipendeza tu.

Upungufu mkubwa ulikuwa mwaka wa kwanza. Nyumba iliyotajwa na madalali watano kwa bei tatu hupata sifa ya kukaa, na baadhi ya wateja wa awamu ya pili waliuliza ina kasoro gani hadi haijauzwa. Mirathi ingefunguliwa mapema, mwaka huo usingepotea. Orodha ya mauzo ya nyumba za karibu nayo ingeombwa kwa mthamini kabla ya mtu yeyote kutamka tarakimu, maana bei ikishatamkwa mbele ya warithi sita kila anayeipunguza huonekana anawanyang'anya ndugu zake.

Jambo la mjane liliandikwa ndani ya mkataba kwa sentensi mbili: siku 60 za kuhama baada ya malipo ya mwisho, bila kodi, na vitu vyake vilivyoorodheshwa, pamoja na kitanda cha kamba na makasha mawili, haviuzwi. Wanunuzi hawakupinga.

Lililobaki na utata ni makubaliano ya jirani. Yaliandikwa vizuri, lakini wakili wa mnunuzi alidai haki ya chumba kuegemea kuta isajiliwe juu ya hati ya jirani, ili imfunge hata atakayenunua kwa jirani kesho. Usajili huo ulihitaji hati ya jirani kutolewa, na mirathi ya nyumba ya jirani nayo ilikuwa haijafunguliwa. Wauzaji walikubali sehemu ya malipo, shilingi 300,000, ishikiliwe na mawakili hadi usajili ukamilike. Aliyelipia kufungua mirathi ya jirani ni mnunuzi.